Je, mafunzo ya kimataifa humbadilisha mwalimu, au humpa cheti tu?

Mwalimu wa Biolojia

Ndugu walimu wenzangu, nawasalimu. Nimechaguliwa kujiunga na programu ya kimataifa ya walimu itakayochukua wiki 6 ugenini, kisha itaendelea kwa njia ya intaneti pamoja na walimu wa nchi nyingine. Nimefundisha kwa miaka 11 na nimehudhuria semina nyingi, ila nyingi kati ya hizo ziliniachia daftari lililojaa maandishi ambayo sikuyafungua tena. Naomba waliotangulia wanieleze ni nini hasa kilichobadilika ndani yao, mbali na kile walichokiongeza kwenye wasifu wa kazi, na jinsi ninavyoweza kujiandaa.

Mwalimu wa Fizikia

Hongera sana, mwalimu mwenzangu. Kilichonibadilisha mimi ni video ya dakika 20 ya somo langu mwenyewe, ambayo nilitakiwa kuitazama pamoja na mwalimu wa nchi nyingine. Mwenzangu huyo hakunikosoa hata kidogo. Alishika saa tu, akapima muda niliowapa wanafunzi baada ya kila swali. Niliuliza, na kabla msichana wa dawati la mbele hajainua macho kutoka kwenye daftari lake, nilikuwa nimekwisha kujibu mwenyewe.

Ndipo mkufunzi alipotueleza kuhusu Mary Budd Rowe, mtafiti wa elimu ya sayansi wa Marekani, ambaye katika miaka ya 1970 alionyesha kwamba walimu kwa kawaida husubiri sekunde 1 au pungufu, na kwamba wakisubiri sekunde 3 au zaidi, majibu ya wanafunzi hurefuka na wanaojitolea kujibu huongezeka. Ukizisoma, sekunde 3 ni chache, lakini zijaribu mbele ya darasa lililonyamaza! Ilinichukua karibu muhula mzima kuzizoea, kwa sababu kila ukimya niliuona kuwa ushahidi kwamba nimeshindwa kufundisha. Haraka yangu ilitokana na hofu, na hofu hiyo nilikuwa nikiiita bidii tangu nianze kazi.

Kwa hiyo rekodi somo moja kabla hujaondoka, baada ya kupata ridhaa ya wanafunzi na wazazi wao, ili uwe na kitu chako cha kukitazama huko uendako.

Mwalimu wa Lugha

Naafikiana na mwalimu wa Fizikia, ila naongeza jambo kuhusu kurudi. Niliporejea, wenzangu walinipokea kwa heshima, lakini kila nilipoanza sentensi kwa "kule tulikokwenda", niliona nyuso zikifunga, nami nikaumia nikidhani wananionea wivu. Kosa lilikuwa langu, kwani niliwaletea majibu ya maswali ambayo wao hawakuyauliza.

Kilichotukutanisha ni utaratibu wa Japani wa utafiti wa somo, ambao walimu wa huko wameutumia kwa zaidi ya miaka 100: walimu hupanga somo moja kwa pamoja, mmoja wao hulifundisha, wengine huwaangalia wanafunzi wanavyojifunza badala ya kumkagua mwalimu, kisha wote hulijadili. Nilijitolea kufundisha wa kwanza. Mmoja wa wenzangu watatu waliokaa nyuma aliniambia baadaye kwamba mvulana aliyekaa karibu na dirisha alinakili kila jibu kutoka kwa jirani yake, akilifunika daftari kwa mkono kila nilipopita. Nilikuwa nimempita mara nne na kumsifu mara moja. Juma lililofuata, mwenzangu huyo ndiye aliyeomba tupange somo lake.

Mwalimu wa Biolojia

Nawashukuru nyote kwa moyo wangu wote. Nilikuwa nimejiandaa kuuliza kuhusu mizigo na hali ya hewa, kumbe kazi inaanzia hapa hapa. Nimeshazungumza na mwalimu wa Jiografia, naye amekubali kukaa nyuma ya darasa langu Jumatatu, kipindi cha pili, akiwa na saa mkononi.