Oda ya kwanza ya nje: kontena moja la kamba za mkonge. Nianzie wapi?

Mgeni wa Gati
Wakuu, heshima kwenu. Nina karakana ndogo ya kusokota kamba za mkonge, zile za kufungia marobota ya majani makavu mashambani. Miaka yote nauza ndani ya nchi. Wiki mbili zilizopita mnunuzi wa ng'ambo aliomba kontena moja la futi 20, akamalizia na mstari mmoja tu: "Nitumie bei ya CIF, malipo kwa LC." Nikamjibu nitamtumia kesho yake. Tangu hapo nimekaa kimya kwa aibu, maana sijui hata naanza kuhesabu kutoka wapi.

Wakala wa forodha niliyempigia simu kaniambia "wewe lete mzigo, mengine tuachie sisi". Sijui nifurahi au niogope. Naomba msaada kwa anayeijua njia hii.

Tishari
Ogopa kidogo, mkuu. Wakala anawasilisha tamko la forodha kwa jina lako. Likiwa na kosa, anayeitwa kujieleza ni wewe.

Kabla hata ya bei, ijue namba ya bidhaa yako kwenye HS, mfumo wa kimataifa wa kupanga bidhaa kwa namba za forodha. Tarakimu 6 za kwanza ni zilezile karibu dunia nzima, kisha kila nchi inaongeza zake mwishoni. Kamba ya mkonge ya kufungia marobota ni 5607.21. Kamba nyingine za mkonge zinaingia 5607.29, na nyuzi ambazo hazijasokotwa ziko mbali kabisa, 5305. Muulize mnunuzi anaingizia kwa namba ipi, kwa sababu ndiyo inayoamua ushuru wa upande wake. Pia ndiyo itakayoandikwa kwenye cheti cha asili ya bidhaa. Kama nchi zenu zina mkataba wa biashara, cheti hicho kinaweza kumpunguzia ushuru au kuufuta, na hapo unakuwa na la kusema wakati wa kupatana bei.

Halafu hakikisha umesajiliwa kama msafirishaji nje, na uulize mapema kama bidhaa yako inadai kibali. Usisubiri kontena likiwa getini.

Bi Karani
Nimekaa miaka kadhaa kwenye meza ya nyaraka za biashara ya nje benki, kwa hiyo nitagusa CIF na LC. LC ni ahadi ya maandishi ya benki ya mnunuzi kwamba itakulipa ukileta nyaraka zilizotajwa ndani yake.

Ukitoa bei ya CIF unalipia mzigo, gharama za kuufikisha melini, nauli ya meli na bima mpaka bandari ya mnunuzi. Wageni wengi wanateleza hapa: gharama unazibeba mpaka kule, lakini hatari inahamia kwake mzigo unapopakiwa melini kwenye bandari yako. Meli ikipata ajali katikati ya safari, mwenye hasara ni yeye, na bima uliyomkatia ndiyo atakayoidai. Kwa CIF unatakiwa kukata bima ya asilimia 110 ya thamani, ya kiwango cha chini. Akitaka kinga pana zaidi aseme, na gharama iingie kwenye bei.

Andika kamili: CIF, jina la bandari, Incoterms 2020, yaani toleo la kanuni za kimataifa zinazofafanua masharti haya ya mauzo. Ukiandika "CIF" tupu umeacha mlango wazi.

Fungu Kavu
Kwa kontena, CIF na FOB (ile ambayo gharama zako zinaishia melini kwenye bandari yako) zenyewe hazikai sawa. Kontena unalikabidhi yadi, linaweza kulala pale siku kadhaa kabla ya kupandishwa melini, na siku zote hizo hatari bado ni yako. Hata waliotunga Incoterms wanashauri FCA au CIP kwa kontena, ambazo hatari inahama ukishamkabidhi msafirishaji mzigo. Ila wanunuzi wameizoea CIF kama wimbo.

Na LC kwa kontena moja mimi naona ni kujitafutia gharama. Omba malipo ya awali asilimia 30, salio alipe ukimtumia nakala ya hati ya shehena, ile BL. Hati halisi zikae kwako mpaka pesa iingie. Kwa kawaida zinatolewa tatu, na moja tu inatosha kuchukulia mzigo. Usije ukamtumia hata moja kwa ajili ya "kumrahisishia".

Mkia wa Foleni
Fungu Kavu, na asipolipa hilo salio? Mzigo uko bandari ya watu, gharama za kuhifadhi zinapanda kila siku, na yeye anajua huwezi kuurudisha. Atakuomba punguzo na utampa.

Ila LC nayo iliniuma. Ilisema "kamba ya mkonge, iliyotiwa mafuta". Kijana wetu akaandika kwenye ankara "kamba za mkonge" akaishia hapo. Benki ikakataa nyaraka. Meli ilishaondoka. Mnunuzi akasema yuko tayari kuzikubali hivyohivyo tukimshushia bei, tukashusha. Maneno mawili tu hayo.

Bi Karani
Na benki ilikuwa sahihi, samahani. Chini ya UCP 600, kanuni za kimataifa za LC, benki inatazama karatasi, kamba haizioni kabisa. Maelezo ya bidhaa kwenye ankara lazima yaendane na ya LC. Nyaraka nyingine zinaweza kutaja bidhaa kwa ujumla, mradi zisipingane nayo.

Mgeni wa Gati, kuna saa mbili zinazokwenda pamoja. Una siku 21 tangu tarehe ya kupakia kuwasilisha nyaraka, isipokuwa LC yenyewe iseme vingine, na kwa vyovyote kabla haijaisha muda wake. Benki nayo ina siku 5 za kazi kuzikagua. Ukiwahi, kosa linarekebishika. Ukija siku ya 20, huna pa kukimbilia.

Na kama benki yake huijui, omba LC ithibitishwe na benki unayoiamini. Inagharimu, lakini hapo benki hiyo nayo inajifunga kukulipa.

Tishari
Mzigo utakaa juu ya paleti za mbao? Basi tafuta zenye muhuri wa ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya kuzuia wadudu kusafiri ndani ya mbao za kufungashia. Mbao zinachomwa joto mpaka kiini kifike nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30 mfululizo, ndipo zinapigwa alama yenye herufi HT, yaani zimetibiwa kwa joto. Nimeona kontena likizuiwa kwa sababu ya paleti mbili zilizookotwa uani ili kuziba nafasi. Bidhaa yenyewe haikuwa na tatizo lolote.

Kitu kingine ni uzito uliothibitishwa wa kontena lililojazwa. Tangu Julai 2016 meli haipakii bila huo. Na mkonge unavuta unyevu: kabla ya kupakia ingia ndani, fungiwa milango, utazame juu. Ukiona mwanga popote, kataa kontena.

Mgeni wa Gati
Wakuu, nimerudi. Nilimtumia bei, akakubali, na leo kaniletea rasimu ya LC. Nyaraka anazotaka: ankara, orodha ya ufungashaji, BL seti kamili, bima, cheti cha asili, na "cheti cha ukaguzi kilichosainiwa na mwakilishi wa mnunuzi". Hiki cha mwisho ni kawaida?

Bi Karani
Hicho usikipokee. Asiposaini, nyaraka zako hazijatimia na benki hailipi, hata kama kamba ni nzuri kuliko alizoagiza. Umempa mnunuzi kitasa na ufunguo. Mwambie ukaguzi ufanywe na kampuni huru mnayokubaliana, na ijulikane nani analipa. Na mwombe abadilishe sasa, ikiwa bado ni rasimu. LC ikishafunguliwa, kila badiliko lina ada yake na linahitaji ridhaa ya benki pia.

Mgeni wa Gati
Nimemwandikia. Kagoma siku moja, leo asubuhi kakubali kampuni huru, gharama nusu kwa nusu. Pia nimemwomba aongeze "iliyotiwa mafuta" iwe wazi, na kijana wa ankara nimemkalisha hapa pembeni yangu. Sasa naenda kuzitazama paleti, nina wasiwasi nusu yake hazina hata muhuri.

Mkia wa Foleni
Huyo kijana asiinuke mpaka meli iondoke.