Binti yangu anamaliza kidato cha sita mwezi Mei: tuanzie wapi maandalizi ya chuo?

Mama wa Newala

Ndugu zangu, naomba mawazo ya waliokwishapita njia hii. Binti yangu wa kwanza yuko kidato cha sita katika shule ya bweni nje ya mkoa wetu, tahasusi ya Fizikia, Kemia na Baiolojia. Mimi na baba yake tuliishia darasa la saba, tunaishi kwa korosho na mihogo, na katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuingia chuo kikuu. Binti anataka udaktari, na chuo anachokitaja ni Muhimbili tu. Majirani wananiambia nimwache afanye mtihani kwanza, mengine yatajulikana matokeo yakitoka. Baba yake angependa asome Mtwara, karibu na nyumbani, ili gharama zipungue. Je, ni kweli kwamba hakuna la kufanya kabla ya matokeo? Na chuo tukichague kwa kuangalia nini?

Mwalimu mstaafu, Masasi

Mama, hongera kwa kumfikisha hapo. Nilikuwa mwalimu wa taaluma kwa miaka mingi, na nakusihi usiwasikilize wanaosema msubiri matokeo. Wahitimu wa kidato cha sita huitwa kwenye mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria mara baada ya mtihani, na matokeo yanapotoka, kwa kawaida mwezi Julai, wengi wao bado wako kambini, hawana simu mkononi kama wanavyokuwa nayo nyumbani. Ni katika wiki hizo hizo ambapo maombi ya vyuo na ya mikopo hupokelewa. Kama hamjazungumza sasa, utajikuta unamchagulia mtoto maisha yake wewe peke yako, tena kwa haraka.

Kuhusu kuchagua, anzeni na programu, chuo kifuate. Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, hutoa kila mwaka mwongozo wa udahili ambao hupatikana bure kwenye tovuti yake, na ndani yake kila programu imeandikwa pamoja na sifa zinazotakiwa, idadi ya nafasi na miaka ya masomo. Katika hesabu ya TCU, A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Udaktari wa binadamu unadai angalau D katika kila somo kati ya yale matatu anayosoma binti yako, yaani pointi 6. Lakini hicho ni kizingiti cha mlango tu, si kiti cha ndani. Muhimbili huombwa na vijana wengi wenye A na B, na nafasi hazitoshi wote, kwa hiyo mwenye D tatu anayeisubiri Muhimbili peke yake anaweza kubaki nyumbani ilhali sifa anazo. Aandike pia vyuo vingine vinavyofundisha udaktari, kama Dodoma, Bugando kule Mwanza na KCMC kule Moshi, kisha chini yake aweke programu nyingine zinazokubali masomo yake: uuguzi, famasia, sayansi ya maabara, au kilimo pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro.

Hoja ya baba yake naiheshimu, ila ukaribu una maana pale tu ambapo kinachofundishwa ndicho mtoto anachokihitaji. Chuo cha Stella Maris hapa Mtwara kinajulikana zaidi kwa ualimu, na kampasi ya Taasisi ya Uhasibu ni ya mambo ya fedha na biashara. Hata hivyo, Mtwara kuna chuo cha matabibu kinachotoa stashahada, na anayehitimu stashahada kwa wastani wa 3.0 au zaidi anaweza kuomba shahada baadaye. Njia hiyo ni ndefu, lakini ni njia halali, na nimewaona watu wazima wenye heshima zao walioipita.

Jambo la mwisho: akija likizo, mpelekeni hospitali ya Ndanda au hospitali ya rufaa ya kanda pale Mtwara, aombe kuzungumza na mfamasia na mtu wa maabara, si daktari pekee. Vijana wetu wengi huandika udaktari kwa sababu ndiyo kazi pekee ya sayansi waliyowahi kuiona kwa macho. Wewe mama unapuliza salfa kila mwaka kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, lakini je, binti amewahi kuambiwa kwamba wapo watu katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, ambao kazi yao ni kuutafiti ugonjwa huo, na kwamba Baiolojia na Kemia anazosoma ndizo zinazofikisha huko?

Mjomba, Lindi mjini

Dada, mwalimu amesema kweli, nami naongeza lililotuuma. Mpwa wangu alijaziwa maombi kwenye steshenari moja, na kijana wa pale, kwa nia njema tu, akaandika namba yake mwenyewe ya simu na barua pepe aliyoifungua siku hiyo. Mpwa wangu akachaguliwa na vyuo viwili. Anayechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja hutakiwa kuthibitisha chuo kimoja kwa namba maalumu inayotumwa kwa ujumbe wa simu, na ujumbe huo ukaenda kwenye laini ambayo yule kijana alikuwa ameshaiacha. Tulihangaika kwa siku nne, tukipiga simu huku na huko, na tulifanikiwa siku moja tu kabla ya muda kwisha. Lipieni kompyuta na intaneti ya steshenari, lakini namba iwe ya kwako wewe mzazi, na nywila iandikwe kwenye daftari linalokaa nyumbani.

Mwanafunzi wa Dodoma, mzaliwa wa Nachingwea

Shikamoo mama. Mimi niko mwaka wa tatu, na ninasoma kwa mkopo. Fomu ya Bodi ya Mikopo inadai cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA (wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo), vyeti vya vifo endapo mzazi amefariki, mdhamini mwenye kitambulisho, sahihi ya kiongozi wa kijiji au mtaa, na sahihi ya wakili au hakimu. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji matokeo ya kidato cha sita, isipokuwa kwamba fomu yenyewe hutolewa dirisha likifunguliwa.

Pia naomba mwangalie kalenda ya fedha. Maombi hufanyika katikati ya mwaka, wakati ambao huku kwetu mkulima hana kitu, na vyuo hufunguliwa Oktoba au Novemba, minada ya korosho ikiwa ndiyo kwanza imeanza na malipo kupitia chama cha msingi cha ushirika hayajafika kwa kila mtu. Fedha za kujikimu, ambazo sisi huziita bumu, nazo si lazima zikukute mlangoni siku unayoripoti. Mimi nilifika na shilingi elfu arobaini, na wiki ya pili nilikuwa nakula mlo mmoja kwa siku. Ikiwezekana, msimu huu huu tengeni nauli na chakula cha mwezi mmoja, na msiziguse.

Mama wa Newala

Mungu awalipe nyote. Jana jioni nilifungua sanduku la vyeti baada ya kusoma maneno ya huyu kijana wa Nachingwea. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Mwanahawa, na cheti cha kidato cha nne kimeandikwa Mwanaawa. Miaka yote hii hatukuwahi kuviweka pamoja. Je, hilo ni tatizo?

Mwalimu mstaafu, Masasi

Ni tatizo, mama, lakini umeligundua mapema. Cheti cha kidato cha nne hakibadilishwi kirahisi, kwa hiyo nenda na vyeti vyote viwili, pamoja na cheti cha ubatizo au kadi ya kliniki kama bado unayo, kwenye ofisi ya mkuu wa wilaya inakotolewa huduma ya usajili wa vizazi. Uliza kama cheti cha kuzaliwa kitasahihishwa au mtaapa kiapo cha majina. Nenda Jumatatu asubuhi.