Mjadala: Je, ilikuwa haki kuwahamisha wazao wa Sultan Hussein kutoka jumba la Kampong Gelam?

Mtoa hoja:
Mwezi Machi 1999 serikali ya Singapore ilitangaza kwamba Istana Kampong Gelam, jumba lililojengwa na Ali, mwana wa Sultan Hussein Shah wa Johor, lingegeuzwa kuwa kituo cha urithi wa Wamalay. Wazao wa Sultan waliokuwa wakiishi humo walitakiwa kuhama, na ukoo ukatengewa dola za Singapore 350,000 kwa mwaka kwa muda wa miaka 30. Mimi nasema hatua hiyo ilikuwa halali kisheria, lakini haikuwa ya haki.

Tuuangalie uhalali wenyewe ulikotoka. Tarehe 6 Februari 1819 Stamford Raffles, ofisa wa Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki, alimtambua Hussein kuwa Sultan kwa sababu alihitaji mtu wa kutia saini mkataba wa kuweka kituo cha biashara kisiwani, na akamwahidi dola 5,000 za Kihispania kila mwaka. Mwezi Agosti 1824 Hussein na Temenggong (chifu wa Kimalay aliyetawala kisiwani) Abdul Rahman walitia saini mkataba mwingine ulioikabidhi Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki kisiwa chote milele, naye Sultan akapewa dola 33,200 pamoja na posho ya 1,300 kwa mwezi. Wanaouita huo uuzaji wa hiari husahau kwamba kabla ya saini hiyo John Crawfurd, mkuu wa Waingereza pale, alikuwa amezizuia posho zao. Mwaka 1897 mahakama ya kikoloni iliamua kwamba hakuna mwenye haki ya kuurithi usultani na kwamba ardhi ya Kampong Gelam ni mali ya serikali. Kisha sheria ya mwaka 1904 ikawaruhusu wazao kuendelea kukaa na kupokea posho. Hivyo ndivyo mwenye nyumba alivyogeuzwa mkaazi wa kuruhusiwa, na ruhusa, kama tujuavyo, huondolewa na aliyeitoa.

Mchangiaji:
Ndugu mtoa hoja, umeanzia katikati. Sultan Mahmud wa Johor-Riau alipofariki katika kisiwa cha Lingga mwaka 1812, Hussein, mwanawe mkubwa, alikuwa Pahang, na aliyekalia kiti ni mdogo wake Abdul Rahman (si yule Temenggong). Kwa desturi ya Johor-Riau, sultan hatawazwi bila vyombo vya enzi, yaani vitu vitakatifu vya ufalme, navyo vilikuwa mikononi mwa Engku Puteri Hamidah, mjane wa marehemu, katika kisiwa cha Penyengat, wala hakumkabidhi Hussein. Waholanzi walivichukua kwa nguvu mwaka 1822 ili wamtawaze Abdul Rahman. Kwa hiyo anayetafuta urithi wa usultani ule na aende Penyengat na Lingga. Kampong Gelam ni makao ya mtu aliyesimikwa na mkoloni. Zaidi ya hayo, jumba lilikuwa limechakaa na limejaa watu kupita kiasi. Kuliokoa ulikuwa wajibu.

Mtoa hoja:
Habari ya vyombo vya enzi naikubali, tena naiona kuwa ndiyo sehemu tamu kuliko zote katika kisa hiki: mwanamke mmoja aliyeyafanya mataifa mawili ya Ulaya yahangaike. Lakini hoja hiyo inakata pande zote mbili. Ikiwa Hussein hakuwa sultan, basi hakuwa na kisiwa cha kumkabidhi mtu yeyote, na mkataba wa 1824 hauna mguu wa kusimamia. Haiwezekani awe sultan siku ya kutia saini, kisha asiwe sultan siku wajukuu wake wanapodai nyumba.

Kuhusu uchakavu, sibishi. Paa linalovuja lilihitaji fundi. Ninachopinga ni kwamba ukarabati ulifanywa kuwa sababu ya kuwatoa watu wote. Hatua chache kutoka hapo upo Msikiti wa Sultan, uliojengwa upya kati ya 1924 na 1932. Ukitazama chini ya kuba zake za dhahabu utaona mkanda mweusi unaometameta, nao ni vitako vya chupa vilivyotolewa na Waislamu maskini ili na wao wawe na mchango wao. Msikiti huo umehifadhiwa na watu bado wanasali ndani yake. Wanaoutetea uamuzi wa 1999 watueleze kwa nini jumba la jirani halikuweza kuachiwa japo vyumba viwili vya ukoo, penye maonyesho na penye wenyewe.