Naomba ushauri: nakala za akiba za WhatsApp ya kikoba chetu
Wapendwa, mimi ni katibu wa kikoba huku Mbagala, na picha za vitambulisho vya wanachama wote zimo kwenye WhatsApp yangu. Najua ujumbe husafiri ukiwa umesimbwa tangu mwaka 2016, hata kampuni yenyewe isiweze kuusoma. Lakini nakala ya akiba iliyoko Google Drive hailindwi hivyo mpaka mwenyewe uwashe kinga iliyoletwa mwaka 2021, kwa nywila au kwa ufunguo wenye herufi na tarakimu 64. Hapo ndipo ninaposita, kwa sababu simu ikiibwa kwenye daladala nami nimesahau nywila, hakuna awezaye kunirudishia kumbukumbu hizo. Je, niuandike ufunguo huo kwenye karatasi na kuufungia ndani ya sanduku letu lenye kufuli tatu, ambazo funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti, au kuna njia iliyo salama zaidi?