Wenye kirikuu wa Mtwara–Lindi: maua ni mzigo! Mtu kanipakilia samaki wa chumvi juu ya vyungu vyangu

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nimehama kutoka Chuno, Mtwara, nimekuja Lindi mjini, na hapa ninapoandika baraza nzima inanuka ng'onda. Sijakaanga kitu. Harufu inatoka kwenye udongo wa maua yangu.

Niwaeleze ilivyokuwa, kisha mseme kama nina makosa ya kulalamika.

Uhamisho wangu ni wa kuomba mwenyewe, na wenzangu watumishi mnajua maana yake: hulipwi posho, hulipwi mizigo, unajitegemea. Halafu nimeangukia msimu wa korosho, magari yote yanakimbilia magunia ya kwenda maghalani, na anayekubali kubeba vyombo vya mtu anajiona anakupa msaada. Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, cha kunitoa Mtwara mpaka Lindi, kilometa 100 na ushee za lami, nimelipa laki mbili na nusu. Tena hiyo ni baada ya kubembeleza.

Makubaliano yapo kwenye meseji. Gari langu peke yangu. Vyombo pamoja na maua. Tunaondoka alfajiri, hakuna kupitia popote. Nilimtumia hadi picha ya maua yakiwa yamepangwa barazani ili asije akasema hakujua wingi wake. Akajibu, "Hamna shida dada, yote yanaenea." Basi.

Na niliyafunga mwenyewe kwa mikono yangu. Maji niliyanywesha juzi yake, maana ukinywesha asubuhi ya safari chungu kinakuwa kizito na kikiinama kidogo tope lote linamwagika. Ferni na mti wa mpira niliyafunga majani kwa khanga kuukuu upepo usiyachane. Vyungu vidogo nikavitia kwenye kreti za soda, magazeti katikati visigongane. Nikamwonesha utingo mahali pa kuyaweka: nyuma kabisa, yapakiwe mwisho, yasilaliwe na kitu, turubai liachiwe upenyo wa hewa. Kijana akaitikia vizuri tu. Mbele hakukuwa na nafasi ya mtu wa tatu, nikapanda basi nikatangulia kupokea nyumba.

Basi limefika, nimepokea funguo, nimefagia, nimekaa. Gari halipo. Napiga simu: "Tuko njiani dada." Napiga tena: "Tunaingia sasa hivi." Limeingia jua linazama.

Aliyenipa ukweli ni utingo mwenyewe wakati tunashusha. Mimi nilipoondoka tu, bosi wake alipitia feri kwenye samaki, akapakia matenga ya samaki wa chumvi ya mteja wake wa Mnazi Mmoja, hii ya njiani kabla ya kuingia Lindi. Kwa kuwa nafasi ilishajaa, matenga yakapanda juu. Juu ya nini? Juu ya kreti za maua. Kufika Mnazi Mmoja, mteja hayupo, simu haipokelewi. Wakamsubiri mpaka mchana umepita, gari liko juani, turubai limekazwa pande zote ili samaki wasiingie vumbi. Samaki, eti, wasiingie vumbi! Na jua la huku kabla mvua hazijaanza mnalijua, chini ya lile turubai ni tanuri.

Sasa kubabuka majani kwa joto ningeweza kuvumilia, mmea wenye mizizi mizima unachipua tena. Hasira yangu ni yale maji ya chumvi. Wale samaki hawakuwa wamekauka, wamechuruzika safari nzima. Nimekuta magamba yamenasa kwenye mashina ya zizi planti (ZZ plant, lile ua la ndani la majani mazito yanayong'aa). Udongo wa juu umefanya ukoko mweupe, nimeukwangua kwa kijiko na kuonja kwa ncha ya ulimi: chumvi tupu. Udongo ukishakuwa na chumvi nyingi hivyo mzizi hauwezi kunywa. Unaumwagilia, udongo umelowa, na mmea unakufa kwa kiu vilevile. Unaanza kuungua ncha za majani, rangi ya kahawia inapanda kuelekea katikati, kisha linadondoka moja baada ya jingine. Ferni imeshafika huko. Mrehani sitaki hata kuuzungumzia.

Dawa ni moja tu, kupitisha maji matamu mengi juu mpaka yatoke chini ya chungu, uyaache yachuje, urudie tena na tena. Na kisima cha hapa nilipopanga maji yake yenyewe yana uchumvi. Kwa hiyo naosha udongo kwa maji ya madumu ya kununua. Fanyeni hesabu wenyewe.

Nilipomuuliza dereva alicheka. "Dada, si majani tu hayo? Mvua zikianza yataota." Kisha akatoa ng'onda wawili kwenye mfuko wa rambo, eti vya kunipoza. Nusu ya hela arudishe? Hataki kusikia, alishaichukua yote asubuhi kwa maelezo ya mafuta.

Lakini angalieni hiki. Kioo cha kabati langu kimefika kimefungwa katikati ya magodoro mawili, hakina hata mkwaruzo. Televisheni utingo kaipakata njia nzima mbele. Friji limesimamishwa wima na kufungwa kamba nne. Kwa hiyo kutunza mzigo wanajua, tena wanajua sana! Ila wameamua wenyewe kipi ni mzigo na kipi ni takataka ya mama fulani inayojazia gari. Kwenye bei maua yalihesabiwa, alinipandishia 40,000 kwa ajili yake, "maana yanakula nafasi". Yanakula nafasi kwenye malipo, kwenye gari hayana nafasi.

Na kuna la kizuizi cha barabarani. Njiani bwana mmoja kawasimamisha akataka ushuru wa "miche". Utingo katoa 5,000, risiti hakuna, na hiyo nayo nikadaiwa mimi. Ilitangazwa tangu 2017 kwamba mazao yasiyozidi tani moja yasitozwe ushuru, sembuse vyungu vya mtu anayehama na kitanda chake! Sikulipa. Wakanuna, wakaondoka.

NYONGEZA, kwa kuwa majibu yamekuwa mengi:

Wewe unayesema ningeyaacha nikanunue mengine. Asumini ile ni tawi nililokata kwa bibi yangu Mikindani. Bibi hayupo tena, na ile nyumba imeuzwa. Niambie inauzwa duka gani.

Wewe wa "ungepanda nayo kwenye basi". Mti wa mpira unanizidi kimo. Njoo uupakate wewe.

Na wewe mjuaji wa "Waswahili na maua ya ndani wapi na wapi, mambo ya kuiga Wazungu". Zizi planti asili yake ni huku huku Afrika Mashariki. Kile kiua cha zambarau kinachopangwa madirishani Ulaya kilitoka Usambara, Mjerumani alipokuwa akitawala Tanga, na mwaka 1893 wakakibandika jina la Saintpaulia kwa heshima ya ofisa wao. Wao wamekipeleka mpaka kwao Ulaya kikastawi. Mimi nimeshindwa kufikishiwa chungu Lindi.

Waliouliza hatua: namba za gari ninazo, meseji ninazo, picha za kabla na baada ninazo. Leseni ya LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa barabarani, niliiona kiooni, nitaanzia hapo. Jina siliweki hapa, sitaki uzi ufutwe.

Tukiacha hayo, nina shida ya haraka. Vyungu vikubwa vya saruji vimebaki kwa jirani yangu Chuno, na mama wa watu anataka uwanja wake. Namtafuta mwenye kirikuu au kenta anayekubali kuandikishana, nusu analipwa wakati wa kupakia, nusu mzigo ukishashuka na nimeukagua. Nitapanda mbele mimi mwenyewe, utingo atafute pa kukaa. Gari lililobeba samaki wiki hii usilete. Madalali, PM yangu msiisogelee.