"Roja" kazini maana yake umekubali au umeskia tu?

Kijana wa Nungwi
Asalaam aleykum wanajamvi. Mie nipo mapokezi hoteli huku kaskazini, tunatumia zile redio za upepo za mkononi siku nzima roja, kopi, ova. Juzi usiku supavaiza kanambia mgeni anataka gari ya eapoti saa kumi na moja alfajiri, nikajibu roja, lakini nilikuwa na foleni ya wageni mbele yangu nikajua wa zamu ya usiku atampigia dereva, asubuhi gari hamna na mgeni karibu aikose ndege. Supavaiza anasema "ulisema roja, ulikubali". Mie najua roja ni nimeskia. Nani ana haki? Na naskia haya maneno ni ya marubani wa jeshi, kweli?

Mzee Kiembesamaki
Waaleykum salaam mwanangu. Kwa maana ya neno haki yako, kwa gari kosa lako. Zamani kwenye Mosi (Morse), ile ya kutuma herufi kwa milio mifupi na mirefu, walipiga herufi R kuonesha ujumbe umefika. Vita vya Pili vya Dunia marubani wa Marekani na Uingereza wakizitaja herufi kwa majina, R ikiitwa Roger, ndo roja hio. Mwaka 1956 R ikawa Romeo lakini roja ishazoeleka ikabaki. Ni nimepokea, basi. Nimepokea na nitafanya ni neno jengine, wilko. Na agizo zito kama kushuka au kutua rubani hajibu roja peke yake, analirudia lote mnara wa kuongozea ndege uskie kama kalipata sawa. Wewe ungesema "gari ya eapoti, saa kumi na moja" supavaiza angejua umeshika nini, na wewe mwenyewe usingesahau.

Bi Paje
Sisi meneja wetu mgeni kila mkutano anatwambia kwa Kiingereza tusukume bahasha ("push the envelope"), mwenzangu akaniuliza pembeni bahasha ya nani anapelekewa nani, aliogopa kweli maana bahasha huku tunaijua 😟 Kumbe bahasha hio ni mchoro wa wahandisi unaoonesha mwisho wa spidi na urefu wa kwenda juu ambao ndege inahimili, na marubani wa majaribio wa jeshi kazi yao kuipeleka mpaka ukingoni, kidogo kidogo, kila safari wanapima. Ndo mana meneja akisema vile mie namuuliza kwanza tumepima nini, wale hawakuwa wakikurupuka.

Mpemba wa Wete
Ukiitwa na mama unaitika naam, hio haina maana ushakwenda dukani. Roja ni kuitika tu. Lakini ukishaitika ukanyamaza mama anajua umeondoka, hapo ndo alipokwama supavaiza wako.

Kijana wa Nungwi
Shukran sana wakubwa zangu, yule mgeni nishamuomba radhi. Leo nimeitwa taulo nne bwawani nikajibu "taulo nne, bwawani, wilko". Supavaiza kakaa kimya kidogo, halafu akauliza wilko ndo nini.