Naomba ushauri: gari nalipigia jeki wapi hapa nyumbani, uwanja wote ni mchanga

Mkazi wa Goba

Wakuu habari za jioni.

Nina Toyota IST ya 2004 na kazi ndogo ndogo huwa nafanya mwenyewe nyumbani. Jumamosi iliyopita nilitaka kubadilisha breki pedi za mbele. Nikaegesha uwanjani, gia nikaweka P (ya kuegesha), nikachukua ile jeki ya mkasi iliyokuja na gari, nikaiweka chini ya mlango wa dereva na kuanza kuzungusha. Tairi lilipoachana na ardhi nikafungua nati mbili kati ya nne. Nikasikia bati linalia. Kuangalia, kitako cha jeki kimezama mchangani upande mmoja na jeki imelala, halafu gari likasogea mbele kama shubiri moja na kuanguka kwa tairi lake.

Mwanangu wa miaka tisa alikuwa amechuchumaa hapo hapo akinishikia kopo la nati. Hakuumia, Mungu ni mwema, ila mpaka leo nikifumba macho naona mkono wake ulivyokuwa karibu na lile tairi. Bati la chini ya mlango limekunjika kama ukingo wa sambusa.

Naomba kujua mambo mawili. Chini ya gari, jeki inakaa wapi hasa? Na kwa uwanja wangu ambao ni mchanga wenye mteremko kidogo kuelekea getini, kuna namna ya kufanya kazi hii salama, au niache kabisa?

Fundi wa Tabata

Pole sana mkuu, na mshukuru Mungu kwa huyo mtoto. Nimefanya kazi hii miaka mingi, na hicho ulichokiona nimekishuhudia kikiisha vibaya kuliko hivyo.

Nianze na gari kusogea, maana naona hujaliuliza na ndilo la hatari zaidi. IST yako inavutwa na matairi ya mbele. Ukiweka P, kinachofungwa ni giaboksi, siyo kila tairi peke yake. Ukiinua tairi moja la mbele likawa hewani, difu (zile gia zinazogawa mzunguko kwa matairi mawili) inaliruhusu lile lililobaki chini lizunguke huku la juu likizunguka kinyume chake. Kwa hiyo P pekee haikushikilii kitu pale. Breki ya mkono inashika matairi ya nyuma, na hiyo hujataja kama uliivuta. Kwenye gari nyingi za umri huo waya wake umelegea, kwa hiyo hata ukivuta, weka kabari matairi yote mawili ya nyuma, mbele na nyuma ya kila tairi. Kabari ya mbao iliyochongwa mshazari ni bora kuliko jiwe la mviringo.

Sasa jeki. Pita na kidole kwenye ule ukingo wa bati unaoning'inia chini ya milango. Nyuma kidogo ya tairi la mbele utagusa mapengo mawili madogo yaliyokatwa, na mbele ya tairi la nyuma utayakuta mengine mawili. Jeki inakaa KATI ya hayo mapengo mawili. Hapo bati limeongezwa nguvu kwa ndani. Ukitoka nje ya hapo hata kwa upana wa kiganja, bati linakunjika kama lako lilivyokunjika. Jeki yako ya mkasi ina mfereji juu, ukingo unatakiwa uingie ndani ya huo mfereji.

Usiweke jeki kwenye sampu ya oili (lile bakuli la chini ya injini), giaboksi, bomba la ekzosi wala sakafu ya gari. Kitabu cha gari najua kimeandikwa Kijapani, lakini kifungue, picha ya jeki ipo na inaeleweka.

Dada wa Mbezi

Kwenye mchanga mimi ninafanya hivi, na sijawahi kupata shida. Nina kipande cha mninga, sentimita 30 kwa 30, unene inchi mbili, kinakaa kwenye buti muda wote. Nafagia mchanga laini wa juu mpaka nifike pagumu, nasawazisha, naweka mbao, jeki inakuja juu yake. Kitako cha jeki ya mkasi ni kidogo, ukikipima hakifiki hata sentimita 10 kwa 10. Uzito ule ule ukiutandaza kwenye mbao yangu, mchanga unabanwa kwa nguvu iliyopungua zaidi ya mara tisa. Baada ya kuinua sentimita mbili tatu nasimama, naangalia kama mbao imelala upande. Ikilala nashusha, naanza upya.

Ila hiyo ni ya pancha njiani, dakika kumi na tano umeondoka. Kazi ya breki nyumbani nisingeifanya mchangani hata kwa mbao.

Kijana wa Gereji

Wakuu mnamtisha mwenzetu bure. Mtaani tunaweka tofali mbili za inchi sita chini ya chasisi na kazi inaenda kila siku. Stendi, vile vigingi vya chuma vya kushikilia gari likishainuliwa, ni gharama tu.

Fundi wa Tabata

Mdogo wangu, hapo kwenye tofali nakukatalia kabisa. Tofali la saruji linabeba uzito vizuri kama umelitandaza juu ya ukuta mzima. Ukibana mahali padogo kwa chuma, linapasuka ghafla, halikupi hata sekunde ya kutoa mguu. Yale yenye matundu ndiyo mabaya zaidi. Mbao ngumu ikizidiwa inalia na kubonyea kwanza, unapata taarifa. Tofali halitoi taarifa. Kazi inaenda kila siku mpaka siku isipoenda, na mimi nimebeba mtu siku hiyo kumpeleka hospitali. Nakuomba uache.

Mkazi wa Goba

Nashukuru sana. Ni kweli sikuvuta breki ya mkono, nilidhani P inatosha. Nimeenda kuangalia sasa hivi kwa tochi ya simu: mapengo nimeyaona, na jeki niliiweka mbali nayo, karibu katikati ya mlango.

Swali dogo: nikinunua stendi, nitaziweka wapi wakati pale kati ya mapengo jeki ndiyo imekaa?

Fundi wa Tabata

Swali zuri, na wengi hukwama hapo, wakaishia kufanya kazi juu ya jeki peke yake. Jeki ni ya kuinulia. Ya mafuta inashikiliwa na sili ya mpira, sili ikichoka inashuka taratibu au inashuka mara moja. Kushikilia gari ni kazi ya stendi.

Njia nyepesi ni kupata jeki ya magurudumu. Mbele, chini katikati, kuna krosimemba, lile boriti la chuma nene linalobeba suspensheni. Unainua hapo, sehemu ya chuma kinene peke yake, halafu stendi mbili unaziweka pale kwenye mapengo, kushoto na kulia, kila moja na kipande cha mpira mgumu chenye mfereji ili ukingo usipindwe. Unashusha jeki polepole mpaka uzito wote umekaa kwenye stendi. Kisha lisukume gari kwa mkono, kwa nguvu kiasi, kabla hujatoa tairi. Likitikisika, shusha urudie. Tairi ulilolitoa lilaze chini ya gari, kando ya stendi, ili hata ikitokea balaa kuna kitu cha kulipokea.

Kwa jeki ya mkasi pekee, stendi ikae chini ya chuma kinene pale mkono wa chini wa suspensheni unapofungwa kwenye mwili wa gari. Siyo kwenye mkono wenyewe, huo unacheza.

Jambo la mwisho, jeki ya magurudumu haipandi wima, kichwa chake kinachora upinde. Ni lazima jeki yenyewe itambae, la sivyo italivuta gari. Kwenye mchanga haitambai. Kwenye pevingi magurudumu yake yanakwama kwenye maungio. Ndiyo maana tunatafuta sakafu ya zege iliyosawazishwa.

Mswahili wa Muscat

Assalaam alaykum. Huku kwetu tatizo siyo mchanga, ni lami. Mchana wa Julai lami inalainika, miguu ya stendi inazama kidogo kidogo na wewe uko chini huna habari. Mimi huweka plaiwudi ya milimita 18 chini ya kila stendi, na kazi naifanya alfajiri. Aliye na maegesho ya lami huko nyumbani alijue hili.

Na stendi zenyewe mzikague. Mwaka 2020 huko Marekani kuna stendi za tani 3 na tani 6 zilirudishwa kwa maelfu kwa sababu jino la kushikilia lilikuwa linaweza kuachia. Mimi nachagua zile zenye pini ya kupitisha kwenye tundu, pamoja na jino.

Dereva wa Likoni

Niongeze moja tu kwa sisi wa pwani. Kabla ya kuweka jeki, gonga huo ukingo kwa mpini wa bisibisi. Chumvi ya bahari inakula bati kutoka ndani, na gari zingine zimefika kutoka Japani tayari zimeliwa na chumvi ya barabara za theluji. Ukisikia mlio mzito wa chuma, sawa. Ukisikia linachakarika au rangi inadondoka maganda, usiinulie hapo, mpelekee mchomeleaji kwanza. Probox yangu jeki ilipita ndani ya bati kama kijiko kwenye boga.

Mkazi wa Goba

Wakuu, narudi na mrejesho. Jirani yangu ana banda la gari lenye sakafu ya zege, tambarare, na amenikubalia niwe natumia Jumapili asubuhi. Jeki ya magurudumu na stendi mbili za pini nimeazima kwa shemeji, kabari nne amenichongea fundi seremala kwa vipande vya mkongo.

Nati nililegeza gari likiwa bado chini. Breki ya mkono juu, P, kabari nyuma. Nikainua kwenye krosimemba, nikaweka stendi, nikalisukuma mara tatu kutoka pande mbili, likatulia kama limejengwa pale. Pedi zimeingia, nati nimekaza kwa kukingamisha, na za mwisho nimezikaza baada ya matairi kugusa chini. Nimesoma kwamba Toyota wanataka nati zikazwe kwa nguvu ya Nm 103 (nyutoni mita), nitapita gereji wanihakikishie kwa spana ya kipimo.

Mwanangu alikaa kwenye kiti mlangoni mwa banda, hatua kama tano kutoka kwenye gari. Kopo la nati alikuwa nalo mapajani, na kila nikihitaji nati nilitoka nikaenda kuichukua.